Habari za Sumaku: Maneno Waliyoambiwa Watoto Mbele ya Wazee na Walimu

Wazee wetu, Mabwana Walimu, nanyi watoto mlioketi hapa mbele: leo tumekusudia kunena habari za sumaku. Ni kitu kilicho karibu nasi. Ukifungua spika ya redio iliyoharibika utaikuta ndani. Tena ina hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Hatari hiyo tutaieleza mwisho, maana mtu haielewi vema mpaka ajue kwanza jinsi sumaku ifanyavyo kazi.

Watoto, ipitisheni sumaku juu ya vitu vya nyumbani. Msumari utaruka ukaishike, na jembe vilevile litanasana nayo. Lakini sufuria ya alumini haitikisiki, wala pete ya dhahabu, wala waya wa shaba. Wengi hudhani kwamba sumaku huvuta kila madini; sivyo. Huvuta chuma, na madini mengine machache sana kama nikeli na kobalti.

Sasa, kwa nini chuma? Chuma kimejaa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ni sumaku ndogo yenye ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha za namna moja husukumana, za namna mbalimbali huvutana. Katika msumari wa kawaida makundi ya chembe hizo yameelekea huku na huko. Fikirini watu mia wanaovuta jahazi kulipandisha pwani. Kila mtu akivuta upande wake, jahazi halisogei, ijapokuwa nguvu zao ni nyingi. Akitokea mwimbishaji, wakaitikia na kuvuta wote pamoja, jahazi hupanda. Basi sumaku ni chuma ambacho chembe zake zimeitikia wimbo mmoja. Na msumari ukaribiapo sumaku, chembe zake nazo hugeuka zikafuata, ukawa sumaku kwa kitambo. Ndiyo sababu msumari ulioshikwa na sumaku huweza kushika msumari wa pili, na wa pili ukashika wa tatu.

Haya twaweza kuyajaribu. Sugua sindano kwa sumaku mara 30, kwa upande mmoja tu bila kurudi nyuma, nayo itakuwa sumaku. Iweke juu ya jani lielealo katika bakuli la maji; itageuka polepole mpaka ielekee kaskazini na kusini. Bakuli liwe la udongo au la mti, kwa maana sahani ya bati ni chuma ndani yake, nayo itaipotosha sindano. Manahodha walishika njia baharini kwa dira ifanyayo kazi vivyo hivyo. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alieleza katika kitabu chake kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Siku hizi twajua kwamba nguvu hiyo yatoka katika chuma kilichoyeyuka, kiendacho huku na huko ndani sana, chini ya kilometa 2,900 kutoka hapa tuliposimama. Lakini habari ya dunia ni ndefu, na jua limekwisha panda.

Jaribu moja limebaki, nalo ndilo kubwa. Weka sindano juu ya kiganja, na sumaku ya spika chini ya mkono uo huo. Ukisogeza sumaku, sindano yaifuata. Nguvu imepita katika nyama na mifupa kana kwamba hapana kitu.

Sasa wazee, sikilizeni. Tangu miaka ya 1980 zimetokea sumaku za namna mpya, nyingine ndogo kama punje ya mahindi, ambazo nguvu zake ni nyingi mno. Hutiwa hata katika vitu vya kuchezea. Mtoto akimeza mbili, moja leo na moja kesho, moja huweza kuwa katika kona hii ya utumbo na ya pili katika kona ile. Hapo huvutana kama sindano na sumaku mkononi, zikabana kuta za utumbo katikati. Damu haipiti tena mahali pale. Nyama hufa, na utumbo hutoboka. Sumaku moja na kipande cha chuma hufanya vivyo hivyo. Mwanzoni mtoto huweza kucheza kama desturi yake. Kisha huja maumivu ya tumbo na kutapika, na mama hudhani ni minyoo.

Mtoto akidhaniwa kumeza sumaku, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama halii. Asitapishwe wala asipewe dawa ya kuharisha. Daktari aambiwe waziwazi kwamba ni sumaku, si "kitu" tu, ili apige picha ya eksirei upesi. Na zile zilizosalia nyumbani zihesabiwe, na moja ichukuliwe akaione.