Maji ya Mfereji na Mavuno ya Mpunga

Leo nataka tuzungumze habari za mpunga. Nasema hasa na ninyi mlimao majaruba madogo yanyweshwayo kwa mfereji, na pia na watoto wenu waliomo shuleni, kwani hesabu nitakayoieleza hata mtoto aweza kuifanya kwa kalamu na daftari.

Na tuwafikirie majirani wawili. Kila mmoja ana eka moja. Maji yao ni ya mfereji mmoja, mbegu yao ni moja, mbolea waliyonunua ni kiasi kile kile, na siku walizofanya kazi hazipitani. Hata wakati wa mavuno ulipofika, mmoja alipata magunia 20, na wa pili magunia 14. Huyu wa pili alitikisa kichwa akasema, "Mwenzangu ana bahati." Je, ni bahati?

Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, jina lake M. J. Farrell, alieleza namna ya kupima jambo hili. Alisema kwamba mtu asipimwe kwa ndoto ya mavuno yasiyowezekana, bali alinganishwe na walio bora miongoni mwa wenzake wenye vitu kama vyake. Basi, ikiwa magunia 20 yawezekana, na huyu amepata 14, amepata 7 katika kila 10. Kipimo hicho huitwa ufanisi. Yale magunia 6 yaliyosalia yamepotea, ingawa hapana mwizi aliyeingia shambani.

Ni kweli, bahati nayo ipo. Kwelea kwelea waweza kushuka katika shamba la mtu huyu wakaliacha la yule, na mafuriko hayaulizi hodi. Hasara ya namna hiyo tusiihesabu kuwa ni kosa la mkulima. Lakini tukiisha kuitoa, husalia hasara nyingine itokayo katika mikono yetu wenyewe. Hiyo ndiyo nitakayo tuichunguze.

Kwanza, mbegu. Tia maji katika ndoo, koroga chumvi mpaka yai bichi lielee, kisha toa yai, umimine mbegu. Zielezo ni nyepesi, zitupe. Zilizozama zina nguvu. Zioshe vema kwa maji matamu kabla ya kuziloweka. Kazi hii haimalizi hata saa moja, na gharama yake ni chumvi kidogo.

Pili, kusawazisha jaruba. Hapa ndipo wengi tunapopoteza, nasi hatujui. Jaruba lisilo sawa lina kilima huku na shimo huku. Ukitaka maji yafunike kilima, miche iliyo shimoni itazama. Ukipunguza maji ili kuiokoa, magugu yataota kilimani. Basi mwenye jaruba hilo hufungua maji kila mara, wala hatosheki. Yule wa magunia 20 alivuruga tope lake, akaingiza maji machache, akayatazama. Penye udongo ulioinuka alivuta, penye maji mengi alijaza. Maji yenyewe yalikuwa kipimo chake, naye hakununua kitu.

Tatu, umri wa miche. Miche ya siku 21 au chini yake ikihamishwa hushika upesi na kuchipua machipukizi mengi. Ikikawia kitaluni wiki 5 au 6, nguvu ya kuchipua imekwisha pungua. Panda kwa kamba, sentimeta 20 kati ya shina na shina, ili mpaliliaji apate njia. Magugu nayo yaondolewe mapema, yangali machanga, kabla hayajaula mpunga. Mbolea ya kukuzia isitiwe wakati maji yanapita, maana itachukuliwa na kumneemesha jirani. Funga mlango wa jaruba kwanza.

Mpaka hapa nimesema habari za jaruba la mtu mmoja. Lakini mfereji ni wa watu wengi, na katika jambo hilo twaweza kufundishwa na habari za Lower Moshi, kusini ya mlima Kilimanjaro. Huko, kwa mkopo kutoka Japani, ilijengwa mifereji ya kutumia maji ya mito Rau na Njoro, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 1987. Wakulima walifundishwa kupanda kwa mistari na kutumia mbegu fupi zizaazo sana, na mavuno, yaliyokuwa kama tani 2 kwa hekta, yakapita tani 6. Watu walifurahi. Walakini wenzao waliokaa upande wa juu waliona faida ile, nao wakafungua majaruba yao, wakachota maji ya mito ile ile. Si ajabu, nani asiyetaka shibe? Lakini mito haikuongezeka. Baada ya miaka michache maji yalipungua katika mifereji ya chini, na sehemu ya majaruba yaliyojengwa kwa mali nyingi ikakosa mpunga. Ugomvi ukazuka.

Wasikilizaji, twajifunza nini? Kwamba mkulima aweza kuwa hodari katika eka yake, na huku mfereji mzima unashindwa. Maji anayoyazidisha mtu wa juu usiku, akaenda kulala, ndiyo chakula cha watoto wa mtu wa chini.

Nao mpunga hautaki kuzama daima. Huko Madagaska, katika miaka ya 1980, padre Henri de Laulanié aliona kwamba mche mchanga ukipandwa mmoja mmoja, kwa nafasi kubwa, na shamba likinyweshwa kisha likaachwa likauke kidogo, huzaa vema kwa maji machache. Tanzania twaita kilimo shadidi, na wakulima wa Mkindo katika Morogoro wamekijaribu, kama wale wa Mwea huko Kenya. Lakini sitawaficha taabu yake: maji yakipungua magugu huongezeka, na asiye na hakika ya zamu yake huogopa kuacha shamba likauke. Kwa hiyo zamu ya haki huja kwanza. Mtu akijua kwamba maji yake yatafika siku iliyotajwa, hana haja ya kuyalimbikiza.

Tena tusiwe wepesi kulaumu. Yuko mjane apandaye kwa kuchelewa kwa sababu ng'ombe wa kulimia humfikia wa mwisho. Yuko mama alimaye kwanza shamba la mume, ndipo apate saa ya kushika lake. Yuko akaaye mwisho wa mfereji. Upungufu wa watu hao hauponi kwa maonyo; hupona kwa wenzao kukubali kupanga zamu upya.

Basi nawapa kazi mbili. Ninyi wazazi, chagueni jaruba moja tu mwaka huu, mlisawazishe na kulipanda kama nilivyosema, mlilinganishe na mengine. Nanyi wanafunzi, andikeni katika daftari siku ya kusia, siku ya kupanda, siku za palizi, siku za maji, na kilo zilizovunwa. Andikeni kilo, msiandike magunia, kwani gunia la mmoja si gunia la mwingine. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na baba akikuuliza, "Mwanangu, yale magunia 6 yalikwenda wapi?" fungua daftari lako umwonyeshe.

Kwa herini.