Kuku wa Mkopo na Msongo wa Safari



Katika miaka hii 10, mikopo mingi ya kikundi imenunua kuku, na kilio ni kile kile: kuku katoka mnadani mzima, wiki haijaisha kafa, na rejesho linadaiwa. Wengine wanasema ni jicho la jirani. Mie nasema tuliangalie tenga kwanza.

Mwaka 1936 mtafiti wa Montreal, Kanada, Hans Selye, alieleza habari za panya waliopigwa na baridi, waliojeruhiwa na waliochoshwa mno. Mateso yalikuwa mbalimbali, lakini miilini alikuta mambo yale yale: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, thaimasi, ambayo ni kiungo cha kinga, imesinyaa, na tumbo lina vidonda.

Kuku naye ndivyo alivyo. Akibanwa kwenye tenga, juani, bila maji, ubongo huziamuru tezi hizo zimwage homoni iitwayo kotikosteroni. Kwa muda mfupi inamsaidia, maana inaongeza sukari kwenye damu apate nguvu za kukimbia. Sasa akimbilie wapi, na miguu imefungwa kamba? Homoni hiyo ikizidi kwa siku kadhaa, baadhi ya chembe nyeupe za kinga hupungua katika damu. Bursa pia hunywea, kile kifuko kilicho karibu na tundu la nyuma ambamo chembe nyingine za kinga hukomaa. Hapo ndipo vijidudu vya kuhara damu, alivyokuwa navyo siku zote bila kuugua, vinapata nafasi.

Mdondo ni habari nyingine, huo unaua hata kuku aliyetulia na kushiba. Kinga yake ni chanjo. Ila mwili uliochoka huitikia chanjo kwa udhaifu, na kinga huchukua kama wiki 2 kujijenga. Kwa hiyo msimchanje kuku saa ile ile anashuka kwenye basi. Bora awe amechanjwa wiki 2 kabla ya safari. Kama hakuchanjwa, apate kwanza maji, kivuli na siku chache za kupumzika.

Ombi langu kwa kamati: kuku wakifika msiwagawe siku hiyo hiyo. Wakae kibanda cha peke yao wiki 2, anayeugua aonekane humo kabla hajafika kwenye mabanda ya watu. Na marejesho yahesabiwe kuanzia siku mwanachama anapokabidhiwa kuku wake, si siku ya mnada.

Karibuni kwa maswali.