Chuma Chakavu Chenye Mionzi: Ulinzi Uanzie Kwenye Mizani ya Mnunuzi



Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, vijana wawili waliingia katika kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu yenye chanzo cha mionzi kutoka mashine ya kutibia saratani na kuisukuma hadi nyumbani kwa toroli. Walikuwa wakitafuta chuma na madini ya risasi ya kuuza. Vipande vikaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku, mnunuzi huyo akaona mwanga wa buluu ukitoka ndani ya kipande kimoja. Akaita ndugu na marafiki waje kuutazama, akawagawia chembe za ule unga. Wapo waliojipaka mwilini. Ulikuwa sesiamu-137. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita aliyekula huku mikono yake ina unga huo. Zaidi ya watu 110,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafuzi.

Aliyekomesha balaa lile ni mke wa mnunuzi. Aliona watu wa nyumba yake wanaugua kwa pamoja, akakishuku kile kipande, akakitia kwenye mfuko na kupanda basi kukipeleka ofisi ya afya. Hakuwa na kipimo, wala hakuna aliyewahi kumfundisha habari za mionzi. Naye ni mmoja wa wale wanne waliokufa.

Namtaja kwa sababu mijadala yetu huanza na kuishia kwenye mitambo ya kupimia mionzi langoni mwa viwanda. Mitambo hiyo ni ya lazima, lakini inaweza kupitwa. Chanzo cha mionzi kikiwa bado ndani ya ganda lake la risasi, na juu yake kuna tani ishirini za chuma, lori linaweza kupita langoni bila king'ora kulia. Mwezi Mei 1998 chanzo cha sesiamu kiliyeyushwa katika kiwanda cha Acerinox, kusini mwa Hispania. Sesiamu haibaki ndani ya chuma. Hugeuka mvuke na kunasa kwenye vumbi la vichujio. Sehemu nyingine ilitoka na moshi, ikanaswa na vituo vya kupima hewa hadi Ufaransa na Uswisi. Hasara ilifika takriban dola milioni 26. Kobalti-60, kinyume chake, hubaki ndani ya chuma chenyewe: nondo zilizotengenezwa Mexico baada ya chanzo cha hospitali kuyeyushwa zilivuka mpaka, na ziligundulika Januari 1984 kwa sababu tu lori lililozibeba lilipita karibu na kipimo cha maabara ya Los Alamos, Marekani.

Wahispania walijifunza. Mwaka 1999 serikali, mdhibiti wa nyuklia, shirika la taka za mionzi na wenye viwanda walitia saini itifaki ya hiari, kila upande ukajua wajibu wake king'ora kinapolia. Hapo ndipo penye funzo kwetu. Bila makubaliano kama hayo, mnunuzi anayejua kwamba akitoa taarifa atafungiwa yadi, atanyang'anywa mzigo na kudaiwa gharama za kuuondoa, ataurudisha ule mzigo barabarani usiku. Sheria inayomwadhibu mtoa taarifa inazalisha vyanzo vya mionzi visivyo na mwenyewe.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 na Tume yake. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Napendekeza mambo mawili. Hospitali au kiwanda kinachoagiza chanzo cha mionzi kiweke kwanza dhamana ya kukirudisha kilikotoka, ili jengo likifungwa mashine isiachiwe mlinzi. Na kila yadi yenye leseni iwe na bango kando ya mizani: alama ya mionzi, picha ya ganda la risasi, namba ya simu isiyotozwa, na maneno kwamba anayepiga hatozwi wala hashtakiwi.

Wadhibiti mliomo humu ndani, anzeni na hilo bango. Vijana wa mikokoteni wanapita kwenye mizani hiyo kila siku, na leo hakuna kinachowaambia wasiguse.