Motokaa Inayokohoa

Wasikilizaji wetu, motokaa ya zamani yenye silinda nne ikikohoa na kutetemeka hali imesimama, tusikimbilie kununua spea. Kwanza tuitafute silinda iliyolala. Tuzime injini, tuchomoe waya wa plagi moja na kuugusisha vyema na chuma cha injini, kisha tuiwashe kitambo kidogo bila kuushika. Mwendo ukizidi kulegea, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa ndiye huyo.

Injini ikiisha kupoa, tuifungue plagi yake. Masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi. Utando wa oili, oili inapenya ndani. Tuibadilishane na ya jirani: ugonjwa ukihama, plagi ndiyo mbovu, ukibaki, tukague waya, kisha valvu. Abahatishaye hununua vitu vitatu, na injini ikakohoa vile vile.