Bourgmestre ni wa Wakaaji Wote



Desemba 1957, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza mabourgmestre wa komini zao. Walishinda wane, hakuna hata mmoja mwenye asili ya Katanga. Badala ya kuuliza, "Watatufanyia nini?" wengi wakauliza, "Wametoka wapi?" Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kikaundwa. Mwaka 1992 na 1993 swali lile lile liliwafukuza Wakasai; treni zao zilipita hapa Kamina.

Mkubwa, unapogawa chakula ao shamba, usiulize mtu ametoka wapi. Uliza ana watoto wangapi.

Mungu awalinde.