Ukuta Kwanza, Pampu Baadaye
Serikali ya Uingereza humpa mwenye nyumba wa England au Wales pauni 7,500 akiondoa boila ya gesi na kufunga pampu ya joto. Ni msaada wa maana. Lakini nyumba za zama za Malkia Victoria zingali nyingi, na joto lake hupotelea ukutani, hivyo ukuta uzibwe kwanza. Tena uzibwe vizuri: mwaka 2025 wakaguzi wa hesabu za serikali walibaini kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa tabaka la kuzuia baridi kwenye kuta za nje, chini ya miradi miwili ya serikali, zilikuwa na kasoro kubwa. Maji yakinaswa ukutani, plasta huvimba, ukungu mweusi huota nyuma ya kabati, na watoto hukohoa. Waliolipua kazi wairudie kwa gharama zao.