Tuchore wenyewe ramani ya afya ya Likasi

Maneno yaliyosemwa na vijana wa harakati mbele ya wakaaji wa komine nne za muji



Tuanze na swali. Mutu wa Shituru akigonjwa, anagonjwea wapi? Musicheke, swali ni la kweli. Muji wetu uko na komine nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kila mutoto wa shule anazijua. Lakini zoni za afya ni tatu: Likasi, Kikula na Panda. Inchi nzima iko na zoni za afya 519, na hata moja haiitwi Shituru. Hatusemi kwamba wagonjwa wa Shituru wanatupwa. Wanahesabiwa, lakini ndani ya hesabu ya jirani, wamechanganyika na watu wanaokaa mbali na kiwanda. Sasa ukiuliza kama watoto wanaolala karibu na ukuta wa kiwanda wanakohoa kupita watoto wa katikati ya muji, karatasi inanyamaza. Haiko lazima mutu aliyeficha jibu. Mustari umechorwa namna ambayo jibu haliwezi kuonekana.

Ndiyo maana miezi hii tumeacha kidogo kelele ya barabarani, tukashika kaye na kalamu. Wamoja kati yenu walituuliza: "Nyie mumechoka? Mumekuwa ba jeografe sasa?" Hatujachoka. Lakini tuliona kitu kimoja: tukienda mbele ya mukubwa na kusema "maji ni mubaya", anajibu "tunajua, tunafanya kazi". Tukienda na kusema "avenyu hii, kisima hiki, choo kile", hana tena maneno ya haraka.

Tuongee kwanza juu ya kolera, juu hiyo tunaijua ndani ya nyumba zetu. Mwaka 1854, kule London, muganga John Snow alifuata vifo vya kolera nyumba kwa nyumba ndani ya kartiye ya Soho, akaona karibu vyote vinazunguka pompi moja ya maji, ile ya Broad Street. Wakati ule waganga wengi walisema ugonjwa unatoka kwenye harufu mbaya. Yeye akasema ni maji, wakuu wakaondoa mukono wa pompi, na ramani aliyotoa kisha inaangaliwa mpaka leo. Habari hiyo inafundishwa kila pahali.

Ile isiyofundishwa kwetu ni ya mutoto wa inchi. Profesa Didier Bompangue na wenzake walikusanya hesabu zote za kolera ya Katanga na Kasaï Oriental kutoka 2000 mpaka 2005, zoni kwa zoni, wakatoa kazi yao mwaka 2008. Waliona nini? Kwamba kolera haitembei ovyo. Iko na makao, na makao ni zoni za pembeni ya maziwa. Milipuko inaanzia kule, kisha inafika kwingine. Wakaandika wazi pia kwamba namna ya kupigana nayo ilikuwa haitoshi. Sasa tazameni ramani yetu na jicho lile. Kule juu kuna maziwa ya Upemba. Bukama iko kwenye reli. Reli ileile inapita Tenke, inafika hapa Likasi, inaendelea Lubumbashi. Mwanzo wa 2008 kolera ilikuwa inapiga Likasi na Lubumbashi pamoja. Mukiwa na miaka ishirini leo hamuikumbuki, lakini ulizeni ba mama.

Kila mwaka wa kolera tunaletewa hema, klore na mabango ya kunawa mikono. Ni vitu vizuri, vinaokoa watu, hatuvisemi vibaya. Lakini ukinawa mikono na maji ya kisima chenye kukaa karibu na choo, umenawa nini?

Tulianzia Kikula. Vyombo vyetu vilikuwa telefone, kaye na kamba ya mita 30 tuliyoifunga fundo kwa kila mita. Mita 30 ni umbali ambao wataalamu wa maji wanaomba, kwa kawaida, kati ya choo na kisima. Bandugu, ile kamba hatukuweza kuinyoosha yote. Parseli inaisha mbele kamba haijaisha! Unapima kutoka kisima mpaka choo cha mwenye nyumba, unapata mafundo machache. Unafikiri umemaliza. Kisha mutoto anakuonyesha ukuta: nyuma ya ukuta ule, hatua mbili tu, ni choo cha jirani. Na choo cha jirani hakimo ndani ya kaye ya mutu yeyote, juu kila mutu anapima kwake.

Hapo tulielewa jambo ambalo mabango hayasemi. Mukaaji wa Kikula hakuchimba kisima karibu na choo juu ya uchafu wala ujinga. Parseli zilikatwa kwa hesabu ya muji wenye robine. Maji yatoke kwenye bomba, parseli iwe ndogo, hakuna shida. Robine ikikauka, au ikitoa maji siku moja na kunyamaza siku nyingi, kila mutu anachimba pale anapoweza, na anapoweza ni ndani ya parseli ileile. Ukimwambia mutu wa namna hiyo "usafi ni wewe", unamuachia kazi ya muji mzima peke yake. Hilo ni jambo la mupango wa muji, na mupango wa muji haufanywi na mama mwenye beseni.

Sasa tuseme kosa letu, juu limetufundisha kuliko vitabu. Siku ya kwanza tuliandika majina. Jina la mwenye parseli, namba ya nyumba, foto ya kisima, foto ya choo. Tulijiona watu wa kazi nzuri. Mama moja akatusimamisha kwenye mulango, akasema: "Mukiandika kisima yangu, kesho banakuya kuifunga. Kisha mutaniletea maji nyie?" Tukakosa jibu. Jioni yaya moja akatuuliza kama tunajua kaye ile itasomwa na nani siku tukiipoteza, ao siku tukinyanganywa. Tukapasua kurasa zote, tukafuta foto, tukaanza upya. Sasa tunaandika avenyu na alama tu. Hakuna jina, hakuna foto ya nyumba. Na mutu akikataa, tunamwambia asanti, tunapita. Wale wapya munaojiunga leo, mushike hiyo mbele ya kushika kamba.

Yule mama hakuogopa bure. Ramani ya afya imekwisha kuumiza watu katika Katanga hii. Lubumbashi, wakati ilikuwa inaitwa Élisabethville, Wabelgiji walisema ni juu ya malaria: Muzungu asilale karibu na mutu mweusi, mbu atabeba ugonjwa. Mwaka 1921 wakahamisha cité ya watu weusi mbali zaidi, na katikati wakaacha ukanda mutupu wa mita mia nyingi, wakisema ni umbali wa mbu kuruka. Angalia ujanja: mbu alikuwa na paspoti, lakini boyi wa Muzungu alivuka kila asubuhi kwenda kupika na kufua. Walisema afya, wakafanya utengano.

Na moshi je? Kiwanda cha shaba cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha 1911. Upepo wa kule unavuma sana kutoka kusini-mashariki. Watafiti wa Univerisite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamefuata udongo uliokauka na miti iliyokufa, wakaona uharibifu umelala upande wa kaskazini-magharibi wa shimini, mahali pa Penga Penga. Mbu alipimiwa umbali wa kuruka. Moshi, ambao unaruka mbali kuliko mbu, haukupimiwa.

Tunarudi nyumbani. Mwaka 2009 profesa Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake, pamoja na wale wa Leuven, walitoa utafiti ambao kila kijana wa Likasi angepaswa kuujua sawa anavyojua muchezo wa Mazembe. Walipima mukojo wa watu 351. Watu 179 walikaa karibu sana, chini ya kilometa 3 kutoka mugodi ao kiwanda. Watu 132 walikaa kati ya kilometa 3 na 10. Wengine 40 walikaa mbali, kilometa 400 inje ya eneo la migodi. Kobalti, arseniki, risasi, urani: watu wa eneo la migodi walikuwa nazo zaidi kuliko wale wa mbali, na ukikaribia kiwanda, nyingi zilizidi kupanda. Kuhusu kobalti waliandika kwamba hawajapata kuona kipimo kikubwa namna hiyo kwa watu wa kawaida pahali pengine duniani.

Musikie vizuri: watu wa kawaida. Ndani yao kulikuwa na watoto chini ya miaka 14. Mutoto hafanyi kazi ya kiwanda, lakini anacheza chini, analamba mikono, anakula lengalenga yenye vumbi. Kilichomuingizia kobalti ni anwani yake. Na hapa swali letu la mwanzo linarudi: kama anwani ndiyo inagonjwesha, ni vipi hesabu ya wagonjwa inachanganya anwani?

Juu ya samaki tutasema kidogo tu, hiyo ni kazi ya siku ingine. Maji ya viwanda vyetu yanashuka na mito midogo mpaka Lufira na ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa na barrage ya Mwadingusha mwaka 1930. Wanasayansi wamepima samaki wa ziwa lile wakakuta metali ndani yao. Hatukuambii uache samaki. Mutu mwenye franka za bukari na samaki mudogo tu hana kitu cha kuchagua. Tunasema ziwa nalo liingie ndani ya ramani, hata kama liko inje ya mupaka wa muji, juu tumbo letu linavuka mupaka ule kila siku.

Tulikwenda kuomba hesabu. Ofisi moja, hatutaitaja, ilituuliza tuko na ordre de mission ya nani. Tukajibu: ya Katiba. Kipengele cha 48 kinasema juu ya maji ya kunywa, cha 53 juu ya mazingira safi, cha 24 juu ya haki ya kupata habari. Bwana yule akacheka, si vibaya, akasema hata yeye hesabu hana. Tunamuamini. Hesabu ya mwisho ya watu wa inchi hii ilifanywa 1984! Karibu wote ndani ya sale hii hatukuwa tumezaliwa. Kila namba ya watu wa Likasi munayoisikia kwenye redio ni makisio juu ya makisio.

Lakini kwa upande wa makuta, usimuamini mutu akisema hakuna. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ile redevance ya madini: 50 kwa mia kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa miji, komine, sekta na shefferi ambamo madini yanachimbwa. Tena makampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wa pembeni. Sasa "pembeni" ni wapi? Inaishia avenyu gani? Ule mustari nao umechorwa na mutu, na kama hatuko na ramani yetu, tutakubali ya kwake.

Tunachoomba kwa wakuu wa muji kiko kidogo. Wagonjwa waandikwe na avenyu yao, siyo zoni tu, na hesabu ya Shituru itolewe peke yake. Visima vya mahali pabaya visifungwe mbele robine ya watu wote haijafika karibu. Tumetia neno "mbele" kwa makusudi, kuna mama alitufundisha. Na kila mwaka makuta ya 15 kwa mia ibandikwe kwenye ukuta wa komine: imeingia ngapi, imechimba maji wapi.

Sisi nasi tuko na kazi. Mwaka 2014 kule Lubumbashi watu wa kujitolea wa inchi za mbali walichora barabara kutoka picha za satelite, lakini majina ya avenyu wangeyapata wapi? Ilibidi vijana wa muji watembee na miguu, waulize. Hiyo tunaweza. Kikula haijaisha, Panda tumeigusa kidogo, Shituru bado kabisa. Kwa Shituru tutafuata upepo kwanza: tutaandika ni saa ngapi vumbi linaanguka, na kwenye avenyu gani watu wanafagia paa. Ba reko wa afya wawili wamekubali kutembea nasi, nao wanajua milango kuliko sisi.

Jumamosi tunakutana Panda asubuhi, jua halijawa kali. Kuja na kaye, kalamu na chupa yako ya maji. Wanafunzi wa jeografia na wa afya, tunawangojea sana. Kamba tunazo mbili sasa, lakini tunatafuta mutu mwenye mita ya kweli, ile ya fundi, juu mafundo yetu yameanza kulegea.